Tonge la nne makamasi yananitoka, hivi nimeshiba au naumwa?

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ndaga kwa watu wa Rungwe na Kyela, na nyie wa Mbeya mjini poleni na baridi. Mwezi huu nilipanga kujibu maswali ya unga wa lishe wa watoto ila tangu niseme humu kwamba na mimi tumbo langu lilishapitiwa na kisu, yaani baipasi, upasuaji wa kupunguza uzito, simu haijapumzika, kila mtu anauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, ukila sasa unajisikiaje? Basi leo tunaenda na hilo tu. Na wale mnaoniita mama lishe, mi ni afisa lishe jamani, siuzi wali maharage, japo kwa mshahara huu siku moja naweza nikaanza.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Mwanjelwa, nina miaka 38, nilifanyiwa slivu wiki ya saba hii. Shida yangu ni kwenye kula. Nikila ugali, tonge la kwanza la pili la tatu sawa, la nne pua inaanza kutiririka kama nimekula pilipili, kwikwi inakuja, afu hapa kwenye chembe ya moyo panabana kama mtu kanikandamiza na ngumi. Nikilazimisha kidogo kinarudi chote. Rafiki yangu yeye alifanya baipasi anasema hayo mambo hayajui, akishiba anakuwa tu hana hamu. Mume wangu anasema najiendekeza. Na kinachonichanganya ni kwamba nikishika tumbo halijatuna hata kidogo, sasa nimeshiba wapi? Mama Wawili, Mwanjelwa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeshiba kifuani.

Usicheke, ndo jibu lenyewe. Sisi tumezoea kushiba kwa tumbo, khanga inabana, unalegeza, unabeua, usingizi unakuja, basi unajua hapo nimeshiba. Tumbo la mtu mzima ambalo halijaguswa linaweza kutanuka likachukua lita moja mpaka moja na nusu bila kelele, na sehemu inayotanuka hivyo ni ile ya juu kushoto, ile laini kama mfuko. Sasa kwenye slivu daktari anakata tumbo kwa urefu wake na kutoa kama asilimia 80, na anayotoa ndo hiyo laini inayotanuka, anakuachia kamrija kembamba kenye umbo la ndizi mbivu, kanabeba mililita 100 hadi 150 hivi. Chukua kikombe cha chai cha robo lita, jaza nusu, ndo tumbo lako hilo. Na hako kamrija hakatanuki kirahisi kama mfuko, kakijaa kamejaa. Afu mlango wa chini wa tumbo, ule unaoruhusu chakula kushuka kwenye utumbo, haukuguswa, bado unafunga na kufungua kwa ratiba yake ya zamani. Kwa hiyo chakula kinaingia kwa juu, chini mlango haujafunguka, katikati hakuna pa kupanuka, presha inapanda ghafla. Na hako kamrija kako juu, nyuma ya mbavu, ndo maana ukishika tumbo halina habari ila chembe ya moyo panauma.

Sasa hiyo ngumi unayoisikia ni hatua ya mwisho, ukifika hapo umeshapita kituo. Makamasi na kwikwi vilikuambia mapema. Hizi ndo kengele ambazo watu wengi waliokatwa tumbo wanazisema, pua kutoka maji, kwikwi, chafya, kubeua kidogo, kushusha pumzi ndefu bila sababu, mate kujaa mdomoni. Kila mtu na yake. Yangu mimi ni chafya moja, moja tu, nikipiga hiyo chafya naweka kijiko chini hata kama sahani bado imejaa. Kuna mama mmoja namfahamu huku Uyole yeye anashusha pumzi ndefuuu, na wajukuu wake wameshazoea, akishusha tu wanasema bibi kashiba toeni sahani. Wewe yako ni pua. Kwa hiyo tonge la tatu ndo la mwisho, la nne ni la kukurudisha chooni.

Halafu mdogo wangu, ugali wiki ya saba? Mimi ningesubiri, na nakushauri usubiri. Kwa kawaida unaanza na vya maji maji, unakuja vilivyopondwa, halafu vilaini, na vyakula vya kawaida vinaanza kurudi kidogo kidogo kuanzia wiki ya sita mpaka ya nane kutegemea na daktari wako, na hata hapo vinavyonata kama ugali, mkate na chapati ndo vinakuja mwisho wa foleni. Wali nao, hasa huu wetu wa Kyela ukiwa wa moto na umeshikana. Tatizo la ugali sio ubaya wake, tatizo ni sisi tunavyoula. Jiangalie siku moja, unafinyanga tonge, unatoboa shimo, unachota mchuzi, unatupia, gulp. Ugali hatutafuni, tunaumeza! Tonge likifika kwenye mrija linakaa kama kizibo. Kwa tumbo la zamani lilikuwa linapondwa huko huko ndani, sasa hivi hako kamrija hakana nafasi ya kuponda. Ukirudi kwenye ugali baadaye utafune mara 20 au zaidi, najua bibi yako angekushangaa, ila tafuna, tonge liwe saizi ya punje ya njugu.

Kwa sasa kula mbasa au dagaa waliolainika, yai la kuchemsha la kuponda, maharage ya kupondwa, maziwa mgando, parachichi kidogo, kiazi mviringo ulichoponda na maziwa. Protini ianze, kiazi kifuate kama kuna nafasi. Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku na hutazipata kwa ugali. Na kuku wa jana aliyepashwa moto muogope, hasa kidari, akikauka anakwama vibaya kuliko hata nyama ya ng'ombe.

Ila kuna mtego hapa na nataka ukae nao. Utakuja kugundua kwamba tonge nne za ugali zinakuangusha lakini pakiti nzima ya biskuti inapita bila chafya bila kwikwi, krispi zinapita, aiskrimu inapita, uji mwepesi wa sukari unapita. Watu wananiambia kabisa, dada mimi biskuti zinanikubali. Hazijakukubali, zinateleza tu. Zikikutana na mate zinakuwa uji, zinapita kwenye mrija bila kukaa, kwa hiyo kengele haigongi. Hivyo hivyo wiki za kwanza baada ya upasuaji wengi hawasikii kushiba kabisa kwa sababu bado kuna uvimbe na mishipa ya fahamu haijatulia na wanakunywa vya maji tu, wanaogopa eti upasuaji haujafanya kazi. Umefanya. Wakati huo unapima kwa kikombe, husikilizi mwili, maana mwili bado haujaanza kuongea.

Na njaa? Hukuniuliza ila nitakusemea. Ile sehemu waliyoitoa ndo kiwanda kikubwa cha homoni ya njaa inayoitwa grelini, waligundua Wajapani mwaka 1999. Ikishuka, ile njaa ya kutetemesha mikono saa sita mchana inapotea, watu wengine wanasahau kula kabisa. Sasa ukisikia kitu kinakutafuna pale juu, kinawaka kama njaa, hasa usiku au ukiinama, kabla hujakimbilia jikoni jiulize kama sio asidi. Slivu ina presha kubwa ndani, asidi inapanda kwenye umio kirahisi, na mrija wenye asidi unajisikia kabisa kama mrija wenye njaa, ukila unatulia dakika tano halafu unarudi. Watu wananenepa upya kwa kulisha asidi. Mwambie daktari wako, dawa za kupunguza asidi zipo na wengi wanapewa miezi ya mwanzo.

Rafiki yako hakudanganyi, yeye ana mwili mwingine. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo juu kabisa, kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa vya chakula, ila kutoka hapo hakuna ule mlango wa kufunga na kufungua, chakula kinadondokea moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba walioupandisha juu. Kwa hiyo presha ya kifuani ipo, ukila haraka utaijua, ila kinachokushibisha zaidi ni utumbo wenyewe, ukishtukia chakula kimefika mapema hivyo unamwaga homoni za kushiba kwa wingi, mojawapo GLP-1, hiyo hiyo inayoigwa na sindano za Ozempic mnazozisikia. Nikiwaelezea watu nashindwa maneno. Sio kujaa. Ni hamu kukatika, kama umeme wa huku wakati wa mvua, ulikuwepo, haupo. Mwaka wa kwanza nilikuwa kwa mama Tukuyu nakula parachichi kwa kijiko, la shambani kwake, nalipenda mno, katikati ya kijiko cha sita nikaliangalia nikaona kama naangalia sabuni. Sabuni ya kijani. Mama akaniuliza vipi limeoza? Halikuoza.

Kwa hiyo usipime sahani yako kwa ya rafiki yako. Na mume wako mwambie hivi, achukue shati la mtoto wenu mdogo alivae afunge vifungo vyote halafu ainame afunge kamba za viatu. Hapo anapokwama kupumua ndo tonge la nne.

La mwisho kwako na hili sio utani, kama unatapika kila mlo kwa zaidi ya siku moja au hata maji hayakai, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kutapika mfululizo kunamaliza vitamini B1 mwilini na hiyo ikiisha inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Na homa, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto kwenye wiki hizi za mwanzo, hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Kihesa Iringa, nilifanya baipasi miezi mitano iliyopita, kilo zinashuka vizuri. Jumamosi tulikuwa kwenye sendofu ya mtoto wa dada yangu nikapewa keki, si unajua kulishwa keki huwezi kukataa mbele za watu, nikanywa na soda nusu glasi. Haikupita nusu saa moyo ukaanza kwenda mbio, jasho jembamba mpaka shati likalowa, tumbo linanguruma watu wa meza wanasikia, kizunguzungu, nikatafuta pa kulala. Shemeji zangu wakaanza kusema presha, shangazi mmoja akasema mtu kanirushia kitu. Nikalala kama dakika 40 ikaisha yenyewe. Halafu kuna siku nyingine nikinywa chai ya sukari na maandazi asubuhi, saa nne darasani natetemeka kama mlevi wa pombe ya juzi, naona giza. Ni nini hiki? Mwalimu, Kihesa.

JIBU: Pole mwalimu, hakuna aliyekurushia kitu, umejirushia mwenyewe na keki.

Hiyo inaitwa dampingi, na umeielezea vizuri kuliko baadhi ya vitabu. Ziko mbili na wewe umezipata zote. Ya kwanza inakuja mapema, dakika 10 mpaka 30 baada ya kula. Sukari nyingi imemwagika kwenye utumbo kwa mkupuo kwa sababu, kama nilivyomwambia mdogo wangu wa Mwanjelwa, baipasi haina mlango wa kuizuia, utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu kuja kuizimua, unatanuka, unanguruma, damu inapungua kwenye mzunguko moyo unakimbia kufidia. Ndo hilo jasho na kuhara kwa wengine. Ulichofanya ndo chenyewe, kulala chini mpaka ipite.

Ya pili inakuja saa moja mpaka tatu baadaye, na hii ndo ya darasani saa nne. Sukari iliingia haraka, kongosho likashtuka likamwaga insulini nyingi kuliko kazi iliyopo, sukari ya damu ikashuka chini ya kiwango. Unatetemeka, giza, njaa kali ya ajabu, wengine hasira tu, wanafunzi wanachapwa bila kosa. Hii ukiisikia pima sukari kama una kipimo, chukua sukari kidogo, nusu glasi ya juisi inatosha, kisha ule kitu cha protini kama yai au karanga za kutafunwa vizuri ili isidondoke tena. Ukijaza sukari tu unaanzisha mzunguko upya. Na ikija mara kwa mara au ukizimia mwambie daktari, na usiendeshe bodaboda ukiwa hivyo.

Kutofautisha ni rahisi, ya kwanza inakuta mdomo bado una ladha ya chakula, ya pili umeshasahau hata ulikula nini.

Sio kila mwenye baipasi anaipata, kuna wanaokula keki mpaka sahani na hawajui hilo neno, na kuna wenye slivu wanaoipata japo kwa uchache. Wengine mafuta ndo yanawapiga, kitimoto ya kukaanga ikaleta yale yale. Mimi kwangu ni chai ya msibani, ile wanayotia sukari kwenye sufuria kwa bakuli. Nilijifunza mara mbili. Ya kwanza nilidhani malaria.

Keki ya sendofu mwalimu unaipokea, unaiweka kwenye midomo, unampa mtoto aliye pembeni. Nimefanya hivyo kwenye harusi zaidi ya kumi hakuna aliyewahi kuona. Chai tumia tangawizi bila sukari, asubuhi anza na yai, andazi liwe nusu na liwe la mwisho. Usinywe huku unakula, subiri nusu saa, manake kinywaji kinasukuma chakula kishuke haraka zaidi.

Na kwa kuwa uko Iringa lazima nikuambie hata kama hukuuliza: ulanzi. Ule mtogwa mtamu wa asubuhi ni sukari, utakupa hayo hayo. Uliochacha ni balaa lingine, baada ya baipasi pombe inaingia kwenye damu haraka na inapanda juu kuliko zamani, glasi moja inaweza kufanya kazi ya mbili. Watu wanajiona wameanguka kabla hawajamaliza hadithi waliyoianza. Na ukiumwa kichwa kesho yake usinywe diklofenaki wala ibuprofeni, kwenye maungio ya baipasi zinaleta vidonda. Parasetamo tu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mstaafu nimerudi nyumbani Tukuyu baada ya miaka mingi Uingereza. Kule niliwekewa bendi tumboni, ni zamani kidogo. Asubuhi hata chai inapita kwa shida, jioni nakula vizuri. Nyama ikikwama nasikia kama nimemeza jiwe, mate yanajaa povu jeupe mpaka natema kwenye kopo, baadaye kipande kinarudi chenyewe kizima bila hata uchungu na nafuu inakuja papo hapo. Je nitaendelea hivi hivi? Bibi, Tukuyu.

JIBU: Shikamoo mama, karibu nyumbani.

Bendi ni pete ya silikoni iliyofungwa juu kabisa ya tumbo, ndani ina maji ya chumvi, na chini ya ngozi una kidude cha duara ambacho daktari anachoma sindano maalumu kuongeza au kupunguza maji hayo. Haikati kitu wala haipunguzi homoni ya njaa kama slivu, kwa hiyo njaa yako iko pale pale, ila njia ni nyembamba. Ndo maana hisia zake ni za koo zaidi kuliko tumbo. Jiwe unalolisikia ni kipande kilichokaa juu ya pete, lile povu ni mate ambayo umio unayatoa kwa wingi kujaribu kulisukuma, na kinachorudi hakina uchungu kwa sababu hakikufika kwenye asidi. Sio kutapika hasa. Ni kucheua. Wenye slivu wakitapika inachoma, wenu hauchomi, hapo tu unajua ni vitu viwili tofauti.

Asubuhi kubana ni kawaida kwa wenye bendi wengi, anza na kitu cha vuguvugu, usiguse kigumu mpaka saa nne. Kikikwama usinywe maji kukisukuma, maji nayo yatakaa juu yake, unazidi kujaza kisima kilichozibwa. Simama, tembea, tulia, kitashuka au kitarudi.

Lakini mama, kwa unavyoeleza, chai kupita kwa shida na kopo la mate, mi naona hiyo bendi imebana kupita kiasi au imesogea kutoka mahali pake, na haitakiwi kuwa hivyo miaka yote. Bendi ikibana muda mrefu umio unatanuka unaharibika. Nenda hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mbeya uonane na daktari wa upasuaji, beba karatasi zako zote za Uingereza, aina ya bendi na mwaka, wapige eksirei ya kumeza dawa waone imekaa wapi. Kutoa maji ni sindano tu, dakika chache. Wengi waliowekewa bendi zamani wameshaitoa kabisa. Na siku ukishindwa kumeza hata mate yako mwenyewe, usilale ukisubiri kesho, washa gari usiku huo huo.

SWALI: Dada mimi nafanya biashara Tunduma, nataka puto la tumboni maana nasikia halina kisu. Nitajisikiaje? Mdau wa mpakani.

JIBU: Vibaya, siku tatu za kwanza. Watu wanasikia habari za puto kutoka hospitali ya Mloganzila kule Dar wanadhani ni kama kumeza kidonge. Linaingizwa kwa mpira wa kamera kupitia mdomoni, likifika ndani linajazwa maji kama mililita 400 mpaka 700, na tumbo lako linalichukulia kama chakula kilichokataa kusagika, kwa hiyo linafanya kazi yake, linabana, linasokota, kichefuchefu, kutapika. Dawa unapewa. Usipange kupakua mzigo wiki hiyo. Ikipita, unabaki na uzito fulani pale juu kama umekula mlo mkubwa jana na haujashuka, ukigeuka kitandani wengine wanasikia kabisa kitu kinahama, mabeuo yana harufu ya chakula cha asubuhi. Mengi yanatolewa baada ya miezi sita na ile njaa inarudi siku hiyo hiyo kama mgeni aliyekwenda sokoni tu, kwa hiyo hiyo miezi ni ya kujifunza kula. Puto nyingi za maji zinatiwa rangi ya bluu, ukiona mkojo wako umekuwa bluu au kijani puto limepasuka, wahi hospitali kabla halijashuka kwenye utumbo likaziba.

SWALI: Mwanangu kamwene. Mimi ni mama wa Njombe, mkwe wangu anakaa Dar kafanyiwa huo upasuaji wa kukata tumbo mwaka jana, anakuja mwezi wa saba na mwanangu. Mara ya mwisho nilimpikia akala vijiko vitano akaacha, nililia chumbani nikijua hapendi chakula changu. Halafu anakaa na masweta matatu. Nimpikie nini? Mama Mkwe.

JIBU: Kamwene mama, pole, kilio chako nakielewa kabisa, huku kwetu mtu akiacha chakula ni kama kakuacha wewe.

Vijiko vitano kwake ni sahani nzima. Baridi nayo ni kweli anaisikia, sio madeko, mafuta yaliyokuwa yanamfunika yameyeyuka na chakula anachochoma kwa siku ni kidogo, na Njombe ya mwezi wa saba hata mwenye mafuta yake anatetemeka. Mpe blanketi la ziada na maji yake ya kunywa yawe vuguvugu, ya baridi kali wengine yanawasokota. Asipewe wakati wa kula, mwekee pembeni kwenye chupa anywe funda funda siku nzima.

Usimpakulie wewe. Weka bakuli dogo la watoto ajipakulie, kibinadamu bakuli dogo likiisha hata wewe roho yako inatulia, sahani kubwa ikibaki nusu kila mtu anaona huzuni. Viazi vya Njombe vya kuponda na maziwa vitampita vizuri, njegere za kuiva sana, maharage. Makande labda siku ya tatu, mahindi yake yana maganda. Kinachobaki mfungie, baada ya saa tatu ataomba tena, wao wanakula kidogo mara nyingi, usimwambie si umesema umeshiba.

Kabla hawajafika mpigie simu umuulize kwa utaratibu, mkwe wangu ukishiba unajuaje? Atakuambia yake, kwikwi, chafya, pua, chochote. Na kuku mchinjie mama, heshima ni heshima, ila huyo wa kienyeji umchemshe mpaka nyama iachie mfupa, umchambulie kwa vidole kama unavyomchambulia mtoto, umwekee na mchuzi. Akishusha ile pumzi yake ndefu usimuulize kitu mbele ya wanaume, nyanyuka tu utoe bakuli.